Zuhura Yupi? Somo la Kulinganisha Laha Mbili kwa Masharti Mengi

Kabla hatujaanza somo letu nina swali dogo. Ukisimama langoni umwambie bawabu, "Niitie Zuhura Hamisi wa kidato cha tatu," utaletewa nani? Kama husomi katika kidato chetu huenda usione shida yoyote. Sisi tunaosoma humo tunajua kwamba wapo wawili, mmoja 3 Mashariki na mwingine 3 Magharibi. (Hilo silo jina lao halisi. Wameniruhusu nisimulie kisa hiki mradi nisiwataje, nami nikawabunia jina.) Bawabu atakuletea yule atakayemwona kwanza. Akikuletea siye, usimlaumu. Wewe ndiwe hukusema unamtaka yupi.

Mwaka huu mimi ni mtunza vitabu wa Chama cha Kiswahili. Kabati letu lina vitabu teule vya fasihi: tamthilia ya Bembea ya Maisha yake Timothy Arege, riwaya ya Nguu za Jadi yake Clara Momanyi, na ule mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Mwanachama huazima kimoja, viwili au vyote vitatu kwa muhula mmoja. Anayepoteza kitabu hulipa shilingi 500 kwa kila nakala. Ndiyo sheria tuliyoipitisha wenyewe kwa kuinua mikono.

Rekodi zetu zimo ndani ya tarakilishi, katika lahajedwali. Asiyelijua neno hili asione haya. Lahajedwali ni programu inayokupa karatasi kubwa iliyochorwa mistari na safu, na kila kijumba, yaani seli, kina anwani yake. A2 ni seli iliyo katika safu ya A, mstari wa 2. Ya kwanza kuuzwa kwa wenye tarakilishi ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyoundwa na Dan Bricklin na Bob Frankston mwaka 1979. Excel, ambayo ndiyo tunayotumia katika maabara yetu, ilitoka mwaka 1985. Faili moja huweza kuwa na laha nyingi, mfano wa daftari lenye kurasa. Letu lina mbili. Laha ya Azima niliijaza mimi mwanzoni mwa muhula: jina, mkondo, kitabu. Laha ya Ukaguzi aliijaza naibu wangu siku ya kurudisha: jina, mkondo, kitabu, na safu ya nne, hali. Humo aliandika Kizima, Kimeraruka au Kimepotea.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza Mwalimu mlezi wetu aliniambia, "Nataka orodha ya wenye madeni ya vitabu kabla ya gwaride la Ijumaa." Laha ya Azima ilikuwa na mistari 186. Kuisoma kwa kidole mstari baada ya mstari, huku nikitazama ile ya pili, kungenichukua jioni mbili, na sisi wa shule ya kutwa tuna safari ya kwenda nyumbani kabla ya giza. Nikakumbuka fomula tuliyofundishwa katika somo la Tarakilishi. Nikaiandika katika seli ya D2 ya laha ya Azima hivi:

=VLOOKUP(A2,Ukaguzi!A:D,4,FALSE)

Maana yake ni hii: chukua jina lililo katika A2, nenda kwenye laha ya Ukaguzi, litafute katika safu ya kwanza, ukilipata niletee kilichoandikwa katika safu ya nne ya mstari huo. Lile neno FALSE linasema sitaki jina linalokaribiana, nataka lile lile. Usilisahau. Ukiliacha, Excel hudhani safu imepangwa kwa alfabeti na huridhika na jibu la kukisia.

Nikaivuta fomula hadi chini. Seli zote 186 zikajaa kwa dakika moja. Nikajiona bingwa, bwana! Nikachuja penye Kimepotea, nikachapisha, nikabandika ubaoni. Walikuwa watu watano. Mmoja wao alikuwa Zuhura Hamisi wa 3 Mashariki: vitabu viwili, shilingi 1,000.

Jumatatu Zuhura hakuja kunigombeza. Aliyekuja ni mama yake.

Alinikuta mlangoni mwa chumba cha walimu. Ni mama anayeuza mboga sokoni, nami namfahamu kwa sura. "Wewe ndiye karani wa vitabu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hizi hapa elfu moja." Akafungua pindo la leso. "Lakini vitabu hivyo mimi nimeviona kwa macho yangu. Alivifunika kwa gazeti, akavitia mfukoni, akavileta huku. Labda mviangalie tena, au sivyo?"

Mwalimu alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akaniuliza, "Uliangalia?"

Nikajibu, "Mwalimu, tarakilishi ndiyo iliyosema."

Jibu hilo linaniaibisha hadi leo. Mwalimu hakufoka. Alimrudishia mama fedha zake, akamwomba msamaha, kisha akanigeukia: "Kalibandue lile tangazo kwanza. Halafu uje tuone wewe uliiambia nini hiyo tarakilishi." Baadaye nilisikia kwamba ile elfu moja ilikuwa imekopwa katika chama cha akina mama wa soko, na kwamba asubuhi ile kibanda hakikufunguliwa. Zuhura mwenyewe alikuwa ameshinda Jumamosi na Jumapili akiulizwa nyumbani vitabu alivipeleka wapi.

Basi tulikaa mimi na Mwalimu mbele ya tarakilishi tukaisoma laha ya Ukaguzi. Hivi ndivyo ilivyokuwa:

Mstari 14: Zuhura Hamisi, 3 Magharibi, Bembea ya Maisha, Kimepotea
Mstari 97: Zuhura Hamisi, 3 Mashariki, Bembea ya Maisha, Kizima
Mstari 98: Zuhura Hamisi, 3 Mashariki, Nguu za Jadi, Kizima

Umeona? VLOOKUP huanza juu kabisa, hushuka mstari mmoja mmoja, na ikikuta jina inalolitafuta hukomea hapo hapo. Haiendi mbele kuuliza kama kuna mwingine. Iliposhuka kumtafuta Zuhura wa Mashariki ilimkuta wa Magharibi katika mstari wa 14, ikachukua "Kimepotea", ikarudi nayo. Ilipotumwa mara ya pili kwa ajili ya Nguu za Jadi, ikaenda mstari ule ule wa 14. Mistari ya 97 na 98 haikufikiwa kamwe.

Balaa halikuishia kwa wenye majina yanayofanana. Kila aliyeazima vitabu viwili alipewa hali ya kitabu chake cha kwanza kwa vyote viwili. Waliopoteza cha kwanza walidaiwa mara mbili. Waliopoteza cha pili, aa, hao walipita salama salimini!

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili hafai kushangaa. Hebu nikwambie, "Tafuta paa katika kamusi." Utatafuta lipi? Yuko paa wa porini anayefanana na swala, kuna paa la nyumba, na kuna kupaa angani. Kamusi huyapa maneno hayo nambari ili usiyachanganye. Nikikuambia "paa, ngeli ya LI-YA" umekwisha kujua kwamba tunazungumzia nyumba. Nikikuambia "paa, ngeli ya A-WA" ni mnyama. Neno peke yake halitoshi, na ngeli peke yake haitoshi, kwani katika LI-YA mna maneno mengi sana. Yakiungana mawili hayo, linabaki jibu moja. Ndiyo maana ya masharti mengi. Katika vitabu vyetu masharti yalikuwa matatu: jina liwe hili, NA mkondo uwe huu, NA kitabu kiwe hiki. Likikosekana moja, mstari huo si wenyewe.

Njia ya kwanza ya kuyaunganisha ni safu ya msaada. Hii ndiyo ninayompendekezea anayeanza, kwa sababu unaiona kwa macho. Katika kila laha ongeza safu mpya upande wa kushoto kabisa. Jina sasa litahamia B, mkondo C, kitabu D. Katika A2 andika:

=B2&"|"&C2&"|"&D2

Alama ya & huunganisha maandishi. Utapata kitu kama Zuhura Hamisi|3 Mashariki|Nguu za Jadi, ambacho ni ufunguo wa mstari mmoja. Ukifanya hivyo katika laha zote mbili, VLOOKUP ile ile uliyoizoea itafanya kazi, ila sasa inatafuta ufunguo badala ya jina tupu:

=VLOOKUP(A2,Ukaguzi!A:E,5,FALSE)

Tano, kwa kuwa hali imesogea hadi safu ya tano.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliniuliza kile kijiti cha katikati ni cha nini, si kingeachwa tu? Kisiachwe. Tuseme unaunganisha nambari ya rafu na nambari ya nakala. Rafu 1 nakala 12 itakuwa 112. Rafu 11 nakala 2 nayo itakuwa 112. Vitabu viwili, ufunguo mmoja, na tumerudi kule kule kwa akina Zuhura. Ukitia kijiti unapata 1|12 na 11|2, na kila kimoja kinabaki na lake.

Njia ya pili haihitaji safu ya msaada. Ni ngumu kidogo kuitazama, lakini usitishike, twende aste aste. Chukua laha zikiwa kama zilivyokuwa mwanzo, jina katika A, mkondo B, kitabu C, hali D:

=INDEX(Ukaguzi!$D$2:$D$300,MATCH(1,(Ukaguzi!$A$2:$A$300=A2)*(Ukaguzi!$B$2:$B$300=B2)*(Ukaguzi!$C$2:$C$300=C2),0))

Anza katikati. Mabano ya kwanza yanauliza kila mstari wa Ukaguzi, "Jina lako ni hili?" Mstari hujibu ndiyo au la. Mabano ya pili yanauliza mkondo, ya tatu kitabu. Sasa, Excel ikizidisha ndiyo na la, ndiyo huhesabiwa 1 na la huhesabiwa 0. Hapa ndipo hesabu za darasa la tatu zinapotusaidia. Moja mara moja mara moja ni moja. Sifuri mara chochote ni sifuri. Mstari wa 14 ulijibu jina ndiyo, mkondo la, kitabu ndiyo: 1 mara 0 mara 1, jibu 0. Mstari wa 97 ulijibu yote ndiyo, jibu 1. Kwa hiyo MATCH inatafuta 1 na kusema iko nafasi ya ngapi, na INDEX inakwenda safu ya hali kuchukua kilicho katika nafasi hiyo. Zile alama za $ huzuia anwani zisisogee unapovuta fomula kwenda chini. Nilizisahau mara moja, nikapoteza nusu saa nzima.

Jambo moja la kuangalia: katika Excel za zamani, kama za maabara yetu, ukimaliza kuandika fomula hii usibonyeze Enter peke yake. Shikilia Ctrl na Shift ndipo ubonyeze Enter. Excel yenyewe itaizungushia mabano ya mawimbi. Ukiyachapa kwa mkono hayafanyi kazi. Katika Excel ya 2021 na Microsoft 365 Enter tupu inatosha, na huko kuna XLOOKUP ambayo huifanya kazi hii kwa maneno machache zaidi. Anayetumia LibreOffice nyumbani naye ashikilie vitufe vyote vitatu, na kati ya jina la laha na anwani atie nukta mahali pa alama ya mshangao.

Nilipoijaribu njia hii seli 11 zilitoka na #N/A, maana yake "sikuona". Moyo ulinidunda. Je, ni wezi wapya 11? Mwalimu akasema, "Usiandike jina la mtu. Hesabu kwanza." Akanionyesha COUNTIFS, ambayo imo katika Excel tangu ile ya 2007:

=COUNTIFS(Ukaguzi!$A$2:$A$300,A2,Ukaguzi!$B$2:$B$300,B2,Ukaguzi!$C$2:$C$300,C2)

Hii haileti hali ya kitabu. Inasema tu ni mistari mingapi ya Ukaguzi iliyotimiza masharti yote matatu. Kwa maoni yangu hii ndiyo fomula bora kuliko zote nilizozitaja, ingawa haimvutii mtu. Ikitoka 1, jibu lako ni la kuaminika. Ikitoka 0, hakuna kilicholingana. Ikitoka 2 au zaidi, masharti yako bado hayatoshi, na fomula yoyote ya kutafuta itakuchukulia wa kwanza bila kukuambia.

Tulipata hivi: mistari 171 ilitoka 1, mistari 11 ilitoka 0, na mistari 4 ilitoka 2.

Zile sifuri 11 tulizifuata moja moja. Tisa zilikuwa makosa ya uandishi tu. Mahali pamoja naibu wangu aliandika "Bembea" tupu. Mahali pengine mimi niliandika 3 Mashariki, yeye akaandika 3M. Nyingine zilikuwa na nafasi iliyobonyezwa mwishoni mwa jina. Nafasi hiyo huwezi kuiona kwa macho, lakini kwa Excel ni herufi kama herufi nyingine. Dawa yake ni TRIM, inayoondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni na kubakisha moja moja kati ya maneno, kwa mfano =TRIM(B2)&"|"&TRIM(C2)&"|"&TRIM(D2). Herufi kubwa na ndogo hazina shida, "jadi" na "Jadi" hapa ni kitu kimoja. Sifuri mbili zilizobaki zilikuwa za wanachama ambao hawakuwapo siku ya ukaguzi. Mmoja alikuwa mgonjwa. Vitabu vyao vilikuwa nyumbani, vizima. Hebu fikiri kama ningewabandika ubaoni!

Na ile minne iliyotoka 2? Ah, hiyo ilituchekesha. Kumbe katika 2 Kusini mna wavulana wawili wenye jina moja, mkondo mmoja, na wote wawili waliazima vitabu viwili vile vile. Masharti matatu yamewashinda. Safari hii hali zao zote zilikuwa Kizima, basi hakuna aliyeumia, lakini hiyo ilikuwa bahati tu. Utaniuliza, kwa nini hamkutumia nambari ya usajili wa shule tangu mwanzo? Swali zuri. Hatukuwa na safu yake, kwa sababu karatasi za kuazimia tulizirithi zikiwa na jina na mkondo tu. Hata hivyo nambari hiyo peke yake isingetosha, kwani mwenye vitabu vitatu angekuwa na mistari mitatu yenye nambari moja. Ingehitaji kuandamana na kitabu. Muhula huu kila nakala imeandikwa nambari yake kwa kalamu ya wino ndani ya jalada, na laha zote mbili zina safu mbili mpya, ya usajili na ya nakala.

Orodha ya pili ilikuwa na watu sita. Zuhura wa Mashariki ametoka. Wawili waliokuwa wamedaiwa 1,000 deni lao likashuka hadi 500. Wawili waliokuwa wamejificha nyuma ya kitabu chao cha kwanza wameingia, na mmoja wao ni rafiki yangu wa dawati moja, ambaye hakunisemesha siku mbili. Zuhura wa Magharibi alikwisha lipa yake kabla sijaibandika. Mwalimu aliniagiza nisome jina la Zuhura wa Mashariki mbele ya gwaride na kusema kwamba hakuwa na deni lolote na kosa lilikuwa langu. Nilisoma. Alasiri nilipitia sokoni njiani kwenda nyumbani nikamwambia mama yake vilevile. Alinisikiliza huku akifunga mafungu ya sukuma wiki, akauliza, "Na yule mwingine, kitabu chake kilionekana?" Nikamwambia hakikuonekana, ila amelipa. Akanipa fungu moja nikampelekee mama.

Zoezi. Jikoni mwa shule kuna laha ya Malipo yenye jina, kidato, mwezi na kiasi, na laha ya Chakula yenye jina, kidato na mwezi. Mpishi anataka kujua nani amelipia mwezi wa Juni. Eleza ni masharti mangapi yanayohitajika, andika fomula, kisha utaje hali moja ambapo COUNTIFS ingetoka 2 ingawa hakuna aliyekosea kuandika. Majibu yaletwe kwangu 3 Kaskazini, au katika maabara ya tarakilishi siku ya Jumatano baada ya vipindi, stima ikiwapo.